Maneno Aliyoondoka Nayo Somo

Mama yangu alikuwa na maneno mengi mdomoni, na sisemi umbeya, ingawa na huo hakuwa mbali nao. Nasema maneno ya kutibu. Alikuwa na la kichomi, na la jino, na la degedege, na la mtu aliyeungua mafuta, na la mtoto asiyetaka kunyonya. Watu wa Ng'ambo walikuja kumbishia hodi asubuhi hajaonja hata chai, naye huwatukana kwanza. "Nyie hamuugui watu wakishakunywa chai?" Kisha hujifunga kanga akatoka nao.

Watu hudhani mganga huzaliwa nayo. Hazaliwi nayo, husomeshwa, na kila neno lina njia yake ya kuja. La kichomi alipewa na mzee mmoja wa Makunduchi aliyemuuguza mpaka akasimama. La kuungua alibadilishana na mwanamke wa Tumbatu, akamwachia la jino. La degedege alioteshwa: aliamka nalo ulimini, akawa anafagia uwanja na kulisema kwa sauti, lisije likamponyoka. Na jirani yetu mmoja alijificha nyuma ya mlango akalidaka lile la jino kwa masikio yake, akaenda kumsomea mumewe. Wallahi shavu la yule bwana liliumuka kama mkate wa mofa. Mama alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. "La kuiba halishiki," alisema. "Mpaka mwenyewe akupe kwa mdomo wake na kwa radhi yake." Radhi hiyo wenyewe huiita ijaza, na bila ya ijaza unapiga kelele tu.

Maneno mengi ukimpa mtu unabaki nayo. Ni sawa na kumpa jirani kaa la moto, jiko lako linaendelea kuwaka. Lakini yalikuwapo maneno ya damu, ya mwanamke aliyejifungua na damu ikakataa kukata, na hayo yalikuwa na sharti jengine. Yalikaa kwa mtu mmoja tu. Ukimpa mwenzako, wewe umekauka, hata ukiyakumbuka yote ni upepo. Mama alipewa na mama yake, na mama yake tangu siku ile hakuwahi kuyasoma tena.

Mimi mwenyewe nshayaonja. Nilipomzaa mwanangu wa kwanza, kabla ya Mapinduzi, mkunga alinikanda tumbo mpaka mikono ikamtetemeka na damu bado inakwenda. Mume wangu alikuwa ametoka mbio kutafuta gari ya kunipeleka hospitali. Mama akaingia, akawatoa wote waliokuwa wakilia mle ndani. "Damu ina masikio," alisema. "Ikisikia woga inakimbia. Tokeni na vilio vyenu!" Akakaa kitako, akaniwekea kiganja juu ya kitovu, akaanza. Sikusikia hata neno moja, niliona mdomo tu unacheza. Gari ilipofika damu ilikuwa imekata, na dereva akapewa chai akanywa akaenda zake.

Sasa nije kwa Somo. Alikuwa mwanamke wa Mji Mkongwe, mwenye nyumba ya ghorofa na kisima ndani, na sisi watu wa vibanda vya Ng'ambo. Lakini yeye na Mama walisoma chuo kimoja utotoni, wakapigwa bakora na mwalimu mmoja, na jina lao lilikuwa moja, ndiyo maana wakaitana Somo maisha yao yote. Siku Somo akija kwetu, Mama hutandika mkeka mpya, na wawili hao hutafuna tambuu na kusengenya hata jua likazama. Mwaka ule wa Mapinduzi Somo aliondoka kwa meli pamoja na binti yake. Watu waliondoka vipi na waliogopa nini, hayo wenye kuyasema washayasema. Miye nasema la Mama. Alikwenda kuwaaga, akarudi, na tangu siku hiyo akawa haendi tena kwa wazazi, wanawake waliojifungua. Akiitwa, husema goti linamuuma. Mie nikaamini, kwani goti lake nalo lilikuwa na visa vyake.

Ilipita miaka kidogo. Mwanangu wa kwanza keshaanza chuo, na mimi nimeshika mimba ya pili. Nilitoka kwenye foleni ya mchele nikamkuta Mama amekaa kwenye baraza ya ndani anachagua chuya. Nikamwambia, "Mama, nna mimba." Mkono wake ukasita kwenye ungo. Akasema "Alhamdulillahi," lakini vile mtu anavyoisema akiletewa habari ya msiba.

"Una nini, Mama?"

"Sina kitu."

"Mama!"

Akauweka ungo chini. "Yale maneno ya damu, mwanangu. Sinayo. Nimempa Somo."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Akanieleza. Binti yake Somo alikuwa na mimba pevu siku ya safari, tumbo liko juu, ya kwanza, na hapana aliyejua atazalia wapi. Mama akatafuna tambuu, akamega, akampa Somo mdomoni na maneno yake, pale kisimani nyumbani kwake.

"Ukampa?" nilisema. "Na mimi je? Mimi uliniokota jaani?"

"Wewe ulikuwa nchi kavu. Yule mtoto anakwenda kuzaa melini, katikati ya wanaume na mizigo. Ningemwachaje?"

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe!" Nilipiga kelele hata jirani akachungulia. "Hukusikia hilo chuoni kwenu?"

"Mimi na Somo tumezaliwa pamoja," akasema polepole. "Matumbo ndiyo mbalimbali."

Hasira ilinipanda hadi nikaona kichefuchefu, au labda ilikuwa mimba. Nikamuuliza basi yanarudi vipi. Akasema njia ni mbili. Ama Somo amrudishie mwenyewe, mdomo kwa mdomo, na nani alikuwa akienda na kurudi siku zile? Ama Somo afe hajampa mtu, hapo maneno hurudi yenyewe kwa aliyeyatoa, kama mbuzi aliyekata kamba akarudi bandani.

"Kwa hiyo mpaka afe," nikasema.

"Usiseme hivyo. Mimi kila nikisali namuombea umri."

Hapo nikaelewa tumekaa wapi, mimi na yeye. Kila alipomuombea shoga yake uhai, alikuwa ananiombea mimi niende kuzaa mikono mitupu. Naye alijua, na aliendelea kuomba. Sioni haya kusema kuwa nilimchukia Somo, mwanamke aliyenibeba utotoni na kunipa halua. Nikilala, namuona amesimama kwenye kilango cha chumba, kanga zake zimeroa, mdomo mwekundu wa tambuu, ananitazama tumbo na hasemi neno. Nikaacha kulala mchana. Kiungulia kikanishika, na woga.

Mimba ilipokuwa kubwa, Mama alinitaka nimsindikize Mji Mkongwe, kwenye nyumba ya Somo. Walikuwa wakikaa watu wengine mle, familia kila chumba, nguo zimeanikwa kwenye roshani. Mama alibisha hodi na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akatukaribisha vizuri tu, akadhani tunatafuta mtu. Mama akaomba aone kisima. Kilikuwa kimefunikwa ubao. Akauinua kidogo, akainama, akakaa vile muda, na mimi nikahisi baridi inatoka mle ndani ya shimo inanipanda miguuni. Palinuka tambuu. Wale watu hawakuwa walaji tambuu, niliwaangalia meno.

Akarudisha ubao. "Yu hai," akaniambia.

"Umejuaje?"

"Naangalia kifuani mwangu hamna kitu."

Tulipotoka nje nilimwambia kwa hasira, "Si umchukulie tu kashakufa, umlilie, yaishe?"

Mama alinishika mkono kwa nguvu nikaumia. "Toba! Aliye hai haliliwi. Ukimlilia, mauti husikia jina linatajwa, yanakuja kuangalia ni nani. Na jina letu, mwanangu, ni moja."

Tulipanga niende hospitali mapema. Tulipanga na mume wangu, na mkunga, na mwenye gari. Lakini mtoto hana habari na mipango ya watu. Uchungu ulinikamata baada ya adhuhuri, nikiwa nakuna nazi, na mkunga alipofika kichwa kilikuwa kinaonekana. Mume wangu akatoka mbio tena, maskini, kama mara ile. Mtoto akaja, mwanamke, akalia vizuri. Kisha nikaihisi ile hali ninayoijua, ujoto unanitoka chini na miguu inapoa. Mkunga alikuwa ananikanda na kusoma, na uso wake umebadilika. Jirani zangu wawili wakaanza, "Ya Rabi, ya Rabi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, pale pale nilipokuwa nikimuona Somo. Hakusogea. Nilimtazama nikajua hana kitu, na woga ulionipata sina wa kumsimulia. Niliona dari inakwenda mbali. Nikasema, "Mama, nakufa."

Ghafla akajishika kifua. Akapiga ukelele mmoja, akasema kwa sauti ya kusikika hata barabarani, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

"Nani?" mkunga akaruka. "Mtoto mzima huyu, nani amekufa?"

"Somo," Mama alisema. "Somo yangu amekufa. Tokeni!"

Akaja akakaa kitako ubavuni mwangu. Machozi yalikuwa yakimchuruzika, ya kweli, yananidondokea tumboni. Nikamuuliza, na sauti yangu sikuijua, "Unayo?"

"Ninayo," akasema. "Yamerudi. Tulia."

Akaniwekea kiganja kitovuni. Akamwambia mkunga aendelee kukanda na aniwekee mtoto kwenye ziwa. Mdomo wake ukaanza kucheza. Safari hii niliyasikia, alikuwa akiyasema na kulia, kulia na kuyasema, na mie nikalegea mwili mzima, kwa sababu mama yangu anayo. Yamerudi, basi. Somo kafa na mimi nitaishi. Nilifurahi, Mungu ndiye ajuaye nilivyofurahi. Damu ikapungua, ikakata, na mtoto ananyonya.

Alasiri hiyo hiyo Mama alitandika matanga ndani ya nyumba ya mzazi. Bibi weye, hujaona kichekesho! Wanawake wanaingia, hawajui waseme hongera au pole, wengine wakasema zote mbili kwa pumzi moja. Uji wa pilipili manga wangu umeinjikwa jiko hili, chai ya msiba jiko lile. Ilisomwa khitma. Watu wakamuuliza habari imemfika vipi, wakati meli haijaja wala mtu hajaja. Akajibu, "Imenifika." Kwa kuwa ni yeye, wakaamini.

Nilipomaliza arobaini yangu, Mama aliniita chumbani kwake asubuhi. Alikuwa ametengeneza tambuu: jani, popoo, chokaa, na tumbaku kidogo. Akatafuna taratibu mpaka mdomo ukawa mwekundu. Akamega kwa ulimi, akanitia mdomoni, ya moto na chungu, na huku ameniinamia sikioni akanipa yale maneno, moja moja, na mimi nikiyarudisha. Nilipokosea, alinifinya. Nilipoyapata akaniambia, "Nimekupa kwa radhi yangu. Sasa miye mkavu." Nikamuuliza kwa nini asikae nayo mpaka uzeeni. Akacheka kidogo. "Yameshanilemea," alisema.

Yale maneno siwezi kuyaandika hapa. Yaacheni.

Haukupita mwaka, Mama akaanza kukonda. Hapana aliyejua ugonjwa gani. Hospitali walimpima wakampa dawa, akazinywa. Nilimsomea la kichomi, nikamsomea la homa, yote aliyokuwa amenifundisha. Siku moja, nilipokuwa namkanda miguu, alisema, "Yameshajua nyumba," nikamuuliza nini kimejua nyumba, akasema nimletee maji. Mama alifariki kabla mtoto wangu hajaota magego. Tulimzika Mpendae, upande wa ndugu zake.

Nikarithi wagonjwa wake. Sikutaka, lakini watu hawaulizi. Nilifuatwa kutoka Kikwajuni, nilifuatwa kutoka Mpendae, nilipelekwa hadi Chwaka juu ya lori la mkaa kwa mwanamke aliyezaa pacha. Kila nikifika hukaa kitako, nikawatoa wenye vilio, nikaweka kiganja kitovuni, nikaanza. Mkunga hukanda, mtoto hutiwa ziwani. Wengi damu ilikata. Nikajiona, wacha nseme kweli, nikajiona mtu. Nilikuwa natembea barabarani nikiitikia shikamoo za wanawake walionizidi umri.

Ndipo akaja yule mgeni. Njia zilikuwa zimeanza kufunguka kidogo, na mwanamke mmoja wa Mombasa alikuwa amekuja kuzika ndugu. Alibisha hodi kwangu asubuhi, nikamkaribisha mkekani. Akamuulizia Mama kwa jina. Kabla sijamjibu, akaanza kunishushia salamu, kwa furaha ya mtu aliyekabidhiwa kitu na sasa anakifikisha.

"Somo yake anamsalimu sana," alisema. "Kazeeka, macho hayaoni vizuri, lakini yu mzima, anatafuna tambuu vilevile. Kanituma nimwambie: ile amana yako ninayo. Binti yangu alizaa salama, sikumpa mtu mwengine. Mungu akinipa njia nitakuja kukurudishia mwenyewe, mdomo kwa mdomo."

Nilimuuliza, "Umemuona mwenyewe?"

"Niliagana naye juzi. Alinishika mkono hivi." Akanishika mkono.

Nikasema, "Mama ametangulia mbele ya haki." Yule mwanamke akaangua kilio, akajilaumu kwa kuja na salamu kwenye nyumba ya yatima, na mimi ndiye niliyembembeleza. Alipoondoka nilibaki pale pale mkekani. Chai ilipoa na inzi wakaingia.

Kumbe hayakurudi. Siku ile mlangoni Mama hakuwa na kitu kifuani, aliniona nakwenda na damu inausikiliza woga wangu, akatafuta la kunituliza, na lilikuwepo moja tu. Akamlilia aliye hai. Akalipigia kelele jina la Somo mpaka barabarani, na jina lile lilikuwa lake. Alijua. Ndiye yeye aliyenifundisha. Mauti yaliitwa, yakaja, yakaijua nyumba, yakamkuta mwenye jina aliye karibu. Ndiyo maana yale machozi yalikuwa ya kweli.

Na mimi, nimepewa nini na ile tambuu? Nilijaribu kuyasema yale maneno peke yangu, chumbani, polepole, nikiyasikiliza. Yalikuwa yale yale. Yalikuwa matupu, kama Mama alivyokuwa akisema, upepo. Wanawake wote wale, kuanzia Kikwajuni mpaka Chwaka! Nikaapa kuwa sitatoka tena, nitasema goti linaniuma.

Sikumaliza hata kuapa. Hodi ikapigwa, ya kukimbilia, si ya mgeni. Alikuwa kijana wa mtaa wa nyuma, kanzu ameishika mkononi, anahema. Mkewe amezaa na damu haikati, gari wameshaiendea, mkunga kasema niitwe. Nikafungua mdomo nimwambie sina. Aliponiangalia, nikajifunga kanga.

Chumba kilikuwa na joto na vilio. Nikawatoa. Msichana mwenyewe mdogo, kucha zina hina ya harusi bado, midomo imekuwa myeupe. Mkunga anakanda, haniangalii. Nikakaa kitako, nikaweka kiganja kitovuni, na pale mlangoni palinuka tambuu, na katika sisi mle ndani hapakuwa na aliyekuwa akitafuna. Sikugeuka.

Msichana akanishika kidole. "Bi Mkubwa," akaninong'oneza, "unayo?"

"Ninayo," nikamwambia. "Tulia."